Majani ya Juzi

Jumatano, jioni

Alikunywa mpaka tone la mwisho, na hilo ndilo linaloniuma.

Mama mkwe ametoka kijijini kwake Mkonze kwa miguu, kibuyu cha samli kichwani, kuja kumwona mwanawe, mume wangu, anayefanya kazi ya reli kwa Mdachi. Hakumkuta. Nikabandika maji.

Majani mapya ya chai nimeyafungia sandukuni, ya wageni wa heshima. Sisi wenyewe tunakunywa yaliyokwisha kuchemshwa. Nayaanika juani, nayarudia tena na tena. Ndivyo ninavyobana matumizi. Basi mkono ukaenda kwenye yale ya juani. Ni mazoea tu, au... sijui.

Alikuwa hajapata kuionja chai maishani mwake. Akapiga funda, akanitazama.

“Kumbe ni maji ya moto yenye rangi! Lakini nzuri, mwanangu. Sasa hata nikifa, nimekunywa chai.”

Ningemwambia pale pale kuwa majani yale ni ya kurudia. Badala yake nikapokea samli yote.

Ameshaondoka. Nimefungua sanduku sasa hivi, na harufu ya chai imejaa nyumba nzima. Hii hakuinusa.