Maua ya Mama Yamefika Machimboni

Kaka yangu,

Huku hatujambo, anayekohoa ni cherehani yangu tu. Bati la jikoni limeshazibwa.

Yale maua ya njano ambayo mama aliyatunza kama mboni ya jicho yameruka ua. Yamejaa kando ya barabara, nyuma ya shule, hadi machimbo ya zamani ya mawe. Bwana shamba alipoyaita magugu, mama alimwambia magugu ni yeye.

Kuna jambo nimelimeza miaka ishirini na mitatu. Siku mdogo wetu alipopotea, alikuwa amejaza mbegu za mama kwenye mfuko wa gauni lake. Mfuko ule ulikuwa umetoboka. Niliambiwa niushone, nikapuuza. Wala sikumwona akishuka mtoni. Nilisema nilimwona ili mama asijue kwamba nililala badala ya kumwangalia, nanyi mkaupekua mto siku tisa.

Mvua ziliponyesha, maua yakaota kwa mstari mmoja, kutoka mlangoni kwetu hadi ukingoni mwa machimbo. Niliyang'oa alfajiri, kabla hamjaamka. Yaliyoota chini shimoni sikuweza kuyafikia, na hayo ndiyo yaliyozaa haya yote.

Jumatatu bwana shamba analeta watu wa kuyang'oa, wataanzia huko chini. Njoo kabla yao. Mama bado anakwenda mtoni kila asubuhi kumwita mwanawe, na mimi ndiye ninayemshika mkono.

Dada yako,
fundi wa nguo