Idhini ya Masalu

Somanda, Bariadi

Shemeji Ngassa,

Mwangaluka. Huku hatujambo. Mvua imenyesha, pamba imeota vizuri, na mguu wa mama umepungua uvimbe.

Kazi ya kuchora saketi za pampu naendelea nayo mwenyewe. Ile swichi tuliyoiweka kwenye maktaba ya vipuri ndani ya kompyuta imechorwa na matundu yaliyokaribiana mno, swichi yenyewe haiingii kwenye bodi. Nimeirekebisha, lakini kila nikihifadhi naandikiwa: "Inasubiri idhini ya Masalu." Tangu tumzike kaka yako sijathubutu kuligusa jina lake. Sasa mafundi wamekaa bure na wakulima wananiulizia pampu zao.

Aliyebaki na uwezo wa kubadilisha msimamizi ni wewe peke yako. Niweke mimi, shemeji. Usijiweke wewe.

Wazee walikuja Jumapili kutoka Mwamapalala. Wanasema umekubali kunirithi. Niliwapikia, wakala, wakaondoka bila jibu, maana aliyepaswa kuniuliza hakuja.

Wewe nakujibu hapa: nafasi ya Masalu usiikalie, kwenye kompyuta wala nyumbani kwangu.

Ni mimi, mke wa kaka yako,
Nyamizi