Mama Mkwe Nyuma ya Rido na Fahali wa Lango la Tatu

Mpendwa Mama Kaswera, mshauri wetu, naomba unisaidie haraka kwa sababu Jumamosi mama mkwe wangu anataka kurudi Djugu na naamini ni mimi ninayemfukuza, ingawa sijamwambia neno hata moja, na kwa kweli kutomwambia neno ndiyo shida yenyewe.

Mimi ni mtu wa Butembo, nauza vipuri vya pikipiki hapa Bunia, nakaa Nyakasanza na mke wangu Ketsia, na jioni nikifunga duka napenda kucheza mchezo mmoja wa video wa zamani, wa mwanamke mwenye mkuki anayepita mapangoni kutafuta kengele iliyoibwa kijijini kwao, na kila lango analofika linalindwa na adui mkubwa ambaye sisi wachezaji tunamwita bosi. Mchezo huo niliumaliza zamani, sasa naurudia kwa ugumu wa juu kabisa, na ukiniuliza kwa nini mtu mzima anarudia kitu alichokwisha kukimaliza nitakujibu kwamba hapa kwetu hakuna anayejua kesho kutatokea nini, lakini kule najua kila adui anatokea wapi, na hilo linanituliza.

Mama Anastasie, mama wa Ketsia, alikuja kwetu baada ya kijiji chao kule Djugu kushambuliwa, tukampa chumba kinachofungukia salon, yaani sebuleni, na mlangoni tukatundika rido, pazia la kitambaa, kwa sababu kwetu na kwao mambo ni mamoja, mkwe na mama mkwe hawakai pamoja, hawaangaliani usoni, na wakiwa na neno wanalipitisha kwa mtu mwingine. Jioni moja nilikuwa napigana na bosi wa lango la tatu, fahali wa chuma anayebomoa nguzo kwa pembe, akaniua, nikarudia, akaniua tena, nikasikia mtu anacheka nyuma ya rido, kumbe mama anaitazama televisheni kwenye upenyo. Kesho yake sauti ikasema, "Ketsia, ambia bwana yako asijifiche ku nguzo, ule ng'ombe anafuata nguzo." Nikasimama wazi katikati ya uwanja, fahali akanipita, nikamchoma ubavuni mpaka akaanguka. Tangu hapo ikawa ndiyo maisha ya nyumba yetu, mimi na manette ya kuchezea mkononi, mama akisogeza kiti chake karibu na rido, na Ketsia anachambua sombe, majani ya muhogo, huku akipitisha maneno yetu ingawa sote tunasikiana vizuri. Siku nyingine Ketsia alichelewa sokoni, na bosi wa lango la nne, ndege mwenye vichwa viwili, alikuwa karibu kufa, na kwa kuwa mpitishaji hakuwepo mama akaliambia jiko, "Weye jiko, ambia ule mutu aangalie juu," nami nikaliambia jiko, "Ambia mama nimeona, aksanti," na ndege akafa, na Ketsia akawa amesimama mlangoni na kikapu chake.

Alinivuta nje akasema, "Mama alikimbia vita, na weye unamuletea vita ndani ya nyumba. Unajua yeye analala na nini mu kichwa?" Nilipata aibu sana, nikachomoa nyaya, nikaweka mashine katika katoni juu ya kabati, na kwa kuwa sikuwa tena na la kufanya salon nikaanza kukawia dukani, nikidhani yote hayo ni heshima. Juzi nikamsikia mama akimwambia binti yake, "Mukwe alikuwa na kitu moja ya kumufurahisha, akaizima juu yangu, na sasa hata nyumbani hataki kufika. Niache nirudie kwetu, watu wanasema kule kumetulia." Hakujatulia, Mama Kaswera, watu bado wanafika na magodoro kichwani kutoka upande ule. Ketsia analia tu, anasema mama yake amekumbuka shamba. Je, niwashe mchezo nionekane mtu wa vita, au nisiuwashe aondoke? Nampenda mama huyu, nyumba imekuwa baridi, na bila yeye hata yule fahali nisingemweza kwa ugumu huu.

Kamate, Nyakasanza

MAMA KASWERA ANAJIBU

Kamate, pole, lakini swali lako umelikosea. Mchezo uwashwe au usiwashwe, hilo ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba mama anajiandaa kurudi mahali anapoweza kuuawa, kwa sababu mwanamume anayempenda amenyamaza.

Mke wako usimlaumu. Hofu yake ni ya kweli, wapo watu ambao mlio mmoja tu unawarudisha walikotoka. Ila yeye aliamua kwa niaba ya mama yake, nawe ukaamua kwa niaba ya wote wawili, na mwenye kichwa chake hakuna aliyemuuliza. Mimi siwezi kukuambia kama mapigano hayo yanamwumiza. Naona tu kwamba aliyesogeza kiti karibu na rido ni yeye mwenyewe. Aulizwe na binti yake, chumbani, polepole. Akisema yanamsumbua, mashine ibaki katoni na usinung'unike. Akisema anayapenda, iteremshe, punguza sauti, na Ketsia akubali kwamba mama yake ni mtu mzima.

Na wewe acha kujificha nyuma ya desturi. Desturi haikukataza kusema naye, ilikukataza kumkabili usoni tu, na njia ya kupitisha maneno ilikupa. Mmeitumia vizuri kumwua ndege wa vichwa viwili. Maneno yalipokuwa ya maana ukakimbilia kuuza vipuri gizani. Unanichekesha, Kamate, na unaniudhi pia. Funga duka mapema, uonekane nyumbani.

Kama ni kweli anakumbuka shamba, mtafutieni kipande cha kulima huku huku Bunia, hata kiwe kidogo, na jembe liwe lake. Lakini barabara ya Djugu hapandi mtu kwa sababu ya "watu wanasema". Hilo Ketsia amwambie bila kuzungusha.

Halafu kuna maneno uliyoniandikia mwishoni, kwamba unampenda, kwamba nyumba imekuwa baridi, kwamba bila yeye usingeweza. Umeyatuma kwangu, mtu nisiyemjua hata sura. Yeye yuko hatua chache kutoka kwenye kiti chako, anafunga mizigo, na hajayasikia. Mpelekee leo, kwa mdomo wa Ketsia, hayo hayo bila kupunguza, wewe ukiwa umekaa salon upande wako wa rido. Usiinuke hapo mpaka amejibu.