Mwasumini wa Minago

Minago, 18 Februari 2024

Nawal, binti wa kaka yangu,

Assalaam alaykum. Naanza kwa kukuomba radhi. Barua yako ya Desemba ilinifikia, na ile ya Januari pia, na zote mbili sikuzijibu. Sikuwa mgonjwa, wala jirani yetu Cibalonza hakukataa kuzipiga picha kurasa zangu na kukutumia kwa simu yake, kama afanyavyo siku zote. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na neno jema la kuandika, nami sipendi kumpelekea habari mbaya mtu aliye mbali asiyeweza kufanya lolote. Hujambo? Bega lako linalouma kwa sababu ya cherehani limepata nafuu? Huko Maskati wanakupa muda wa kulala? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti.

Habari yenyewe ni hii. Ziwa limepanda. Matuta ya bamia na ya mchicha wa lengalenga, yale ya chini karibu na ufuko, yamekwenda. Bilinganya zilisimama ndani ya maji wiki nzima, kisha zikalala. Udongo ule niliulisha makapi ya chikichi tangu nilipostaafu ualimu, na sasa mawimbi yanaupeleka Kongo.

Lakini mwasumini wa bibi yako haujaguswa. Nimejenga ukuta wa magunia ya mchanga kutoka kwenye kona ya jiko hadi kwenye uzio wa Cibalonza, nikausiliba kwa udongo wa mfinyanzi mpaka hauna tundu hata moja. Majirani wamekuja kuutazama. Cibalonza alisema, "Mwalimu, ukuta kama huu hata ministre hana," kisha akajenga wa kwake.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu ya harusi yako. Hakuna binti aliyetoka katika nyumba hii kwenda kwa mumewe bila kikuba cha asumini na mrehani kifuani, maua yakiwa yamechumwa hapa hapa, na anayekifunga ni shangazi. Kwako wewe, shangazi ni mimi peke yangu. Nitakifunga.

Wasalimie wote unaoishi nao.

Shangazi yako,
Mwasiti


Maskati, 25 Februari 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Wa alaykum salaam, na amahoro kwa Cibalonza na samaki wake. Mimi niko salama, bega linauma kidogo tu nikishona mapazia. Magoti yako unayapaka mafuta au unayakaripia tu?

Nimefurahi kuiona hati yako mpaka wasichana wa chumbani wameniuliza nani ameniandikia kwa mistari iliyonyooka hivyo. Nimewaambia ni mwalimu wangu wa darasa la pili, ambaye kwa bahati mbaya ni shangazi yangu pia.

Kuhusu harusi, liko neno moja. Mama yake Suud anataka tuifanye Bujumbura. Anasema wana ukumbi, wana kila kitu, barabara ya Rumonge inakatika mvua ikinyesha, na maua yanaweza kununuliwa. Suud mwenyewe hana ubishi, yeye anataka kuoa tu. Mimi nimekataa. Nimewaambia nitatoka kwenye mlango wa shangazi yangu baada ya Idd kubwa, hata kama wageni watafika kwa mitumbwi. Hapa sokoni wanauza asumini kila jioni. Nilinunua mara moja, nikanusa, nikampa jirani. Haikuwa harufu ya kwetu.

Nipigie picha ya ukuta wako. Na usinyamaze tena, nakuomba.

Mtoto wako,
Nawal


Maskati, 30 Machi 2024

Shangazi,

Ramadhani njema. Saumu inakwendaje na joto la huko? Nimekuandikia mara mbili kwa simu ya Cibalonza bila jibu. Jana amenitumia sauti akisema, "Shangazi yako ni muzima, anakohoa tu kidogo, usiwaze." Nyuma ya sauti yake nilisikia mtu akichota maji kwa ndoo na kumwaga, akichota na kumwaga. Nikamuuliza ni nani. Hakujibu.

Picha ya ukuta sijaipata. Unanificha nini?

Mtoto wako,
Nawal


Minago, 14 Aprili 2024

Nawal, mwanangu,

Idd njema, ijapokuwa nimechelewa. Kikohozi kimepungua. Natumaini ulikula vizuri siku ya Idd na kwamba mwajiri wako aliwapa mapumziko.

Aliyekuwa akichota maji ni mimi. Sikutaka ujue, ila umesikia, na siwezi kumfundisha mtoto kusema kweli kisha nimdanganye akiwa mtu mzima.

Ukuta ulifanya kazi yake. Ziwa halikupita hata tone. Lakini masika yalipoanza, maji ya mvua yaliteremka kutoka mlimani, yakavuka barabara, yakaingia uani kwangu kama yaingiavyo kila mwaka. Miaka yote hukatiza bustani na kwenda ziwani, wala hatuyaangalii. Safari hii yalifika kwenye ukuta wangu yakasimama. Kwa Cibalonza ni vivyo hivyo, na kwa wote waliojenga kwa kutuiga. Sisi watu wa ufukweni, mwanangu, tumezoea kutazama upande mmoja. Kila asubuhi tulikwenda kuangalia ziwa limefika wapi, tukasifiana, na hakuna aliyegeuza shingo kuutazama mlima.

Utaniuliza kwa nini sikutoboa ukuta ili maji yatoke. Kwa sababu nje ya ukuta ziwa sasa liko juu kuliko bustani. Nikitoboa, hayatoki ya ndani. Yataingia ya nje. Kwa hiyo nilichota kwa ndoo, na Cibalonza akanisaidia, na mvua ikarudisha yote kabla hatujakausha viganja.

Mwasumini umesimama ndani ya maji. Majani ya chini yamegeuka manjano. Ni mzee mno kung'olewa. Mizizi yake imeingia chini ya msingi wa nyumba. Nimekata vipandikizi, nikavipanda katika makopo ya mawese na kuvipanga juu ya meza ya kulia chakula. Sasa nakula nikiwa nimeshika sahani mkononi, jambo ambalo nyinyi niliwakataza.

Shangazi yako,
Mwasiti


Maskati, 16 Aprili 2024

Shangazi,

Nimesoma barua yako chooni ili wenzangu wasinione. Afya yako kwanza: mwite muuguzi akusikilize kifua. Tafadhali.

Nimemwomba mwajiri ruhusa ya kuja sasa. Amesema mkataba ni mpaka Juni, na pasipoti yangu iko kwake. Nimekaa na simu mkononi nikifikiria nikutumie nini, na hakuna kitu kinachoweza kutumwa. Nimempigia kaka Amjad huko Bugarama milimani. Anasema amekuomba upande kwake mara tatu, na kila mara umemuuliza kama amekula.

Shangazi, acha ndoo. Nenda kwa kaka yangu. Harusi nitaiahirisha mpaka kipandikizi kimoja kiote na kutoa ua. Suud atasubiri. Asiposubiri, nitakuwa nimejua mapema.

Mtoto wako,
Nawal


Minago, 5 Mei 2024

Nawal, mwanangu,

Assalaam alaykum. Muuguzi amekuja, amesikiliza kifua, amesema ni baridi ya miguu. Ameniambia nisisimame majini, kisha akaondoka akiwa ameyavuka hayo hayo maji, suruali imekunjwa magotini. Wewe je, unakula vizuri? Amjad ananiambia sauti yako imekuwa nyembamba.

Vipandikizi vimekuwa vyeusi, vyote ila kimoja. Hicho kina jani lile lile nililokikata nalo. Hakioti wala hakifi. Kila asubuhi nakitazama na sijui nikiambie nini.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikulitarajia. Mwasumini umechanua. Sijawahi kuuona ukichanua hivi, hata mwaka uliozaliwa wewe. Majani yamepukutika karibu yote, na matawi ni meupe kwa maua. Harufu imefika barabarani. Wapanda baiskeli wanaobeba mawese wanapunguza mwendo. Naujua mti ulivyo, nimelima miaka mingi. Mti ukifanya hivyo, mizizi yake imekwisha kuoza.

Nilivaa viatu vya mpira nikaingia kuchuma, kwa sababu sikuweza kuyaacha yaanguke majini. Nilijaza ungo. Kisha nikakaa mlangoni na ungo mapajani, na bibi harusi yuko Maskati. Cibalonza alipita akaniona. Akaniambia, "Hii maua haijue kama mutoto hayuko? Nifungie mimi basi, Mwalimu." Nikamfungia kikuba. Akaenda nacho kuanika samaki wake wa ndagala juu ya paa la jirani, maana mchanga wa kuanikia hakuna tena. Wanawake wenzake walimpigia vigelegele, wakamuuliza bwana harusi ni nani. Akawaambia ni ziwa.

Amjad alikuja juzi. Alizunguka nyumba akigonga kuta kwa vidole. Matofali ya chini yamelainika, na maji haya ya ndani ndiyo yanayoyalainisha. Anataka kuubomoa ukuta wa magunia Ijumaa, ziwa lichukue bustani, na mimi nipande naye Bugarama siku hiyo hiyo. Nilimweleza habari za mwasumini, za harusi, za baridi ya Bugarama ambako asumini hutoa majani bila maua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Shangazi, mimi sikuulizi habari za maua. Nakuuliza utalala wapi." Nilimuuliza kama amekula.

Usiahirishe harusi. Katika hilo sikuombi, nakuamuru. Fanya Bujumbura, katika ukumbi wa mama yake Suud, na wanunue maua wanayoyataka. Nitakuja nikufungie hayo hayo ya kununua. Mikono itakuwa ile ile.

Ila kuhusu Ijumaa sijui. Nikiubomoa ukuta, mti unakufa siku ile. Nikiuacha, mti unakufa taratibu na nyumba inaufuata. Nimelipanga jambo hili kila namna ninayoijua, na kila nikilipanga linaishia pale pale. Amjad ameacha jembe lake mlangoni ili nisidhani anatania.

Nikishaamua, nitakuandikia.

Shangazi yako,
Mwasiti