Wimbo wa Aneti Ulizaliwa Kwenye Kibuyu

Wimbo wa Aneti wangu, ule aliourekodi mwenyewe, umemwingiza bibi harusi ukumbini huku Kimuli! Umesikia, Koleta mdogo wangu? Salamu za Muleba utanipa baadaye.

MC, kijana wa tai nyekundu, akatangaza: "Huu ni wimbo wa R&B wa zamani, unapendwa miaka yote, kutoka Marekani!" Nikainuka na sahani yangu ya ndizi. "Marekani ipi? Kautunga binti yangu!" Akacheka: "Mama, kila mtu ana binti." Nikawaomba wenyeji kibuyu cha maziwa, maana hawa ni wafugaji, nikakaa chini nikaanza kusukasuka kama nilivyokuwa nikitoa siagi zamani, Aneti mchanga akiwa mgongoni akiusikia mdundo huo. Mdundo wa wimbo ni ule ule! Mashangazi wa bibi harusi wakaudaka, vigelegele tele, MC akaniachia maiki mwenyewe.

Sasa mwambie yule mwalimu wa kwaya, aliyemfukuza mwanangu kwenye kwaya akidai ameiba wimbo wa Wamarekani, aje na masikio yake yote mawili. Aneti atauimba uani kwangu, kibuyu nakisuka mimi. Nakukumbatia, mama watoto. Njooni nyote, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.