Senene wa Mama na Mvinyo wa Mapovu

Kaagya, Jumapili, Novemba. Mvua imepiga tangu alfajiri, ikakatika watu wakitoka kanisani. Nina furaha iliyochanganyika na hasira, na sitaki kuzitenganisha.

Niseme mapema: leo nimevunja mwiko, na sijutii.

Jana nilitoka Bukoba mjini na chupa ya mvinyo wa Kifaransa wenye mapovu. Si shampeni. Shampeni ni jina la mkoa mmoja tu huko kwao, na ukinunua unalipia na jina. Huu wangu unaitwa kremanti. Mapovu yake yanapatikana kwa njia ileile, ndani ya chupa, ila zabibu ni za mikoa mingine, kwa hiyo bei yake haizidi ya kitenge kizuri. Mwalimu wa sekondari kama mimi anaweza kujinunulia mara chache kwa mwaka. Wanaosema najidai waendelee kusema.

Kwa mama hakuna friji. Niliifunga chupa kwa khanga mbichi, nikaizamisha kwenye ndoo ya maji ya kisima, na leo mchana ilikuwa baridi ya kutosha.

Mwezi uliopita niliujaribu mvinyo huu na sangara wa Kemondo na ebitoke, ndizi zetu za kupika. Ulikuwa mzuri, basi. Wiki iliyopita nikaujaribu na senene, panzi wetu wa msimu wa mvua, waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na chumvi tu. Mafuta yanatanda ulimini, mapovu yanakuja na ukali kama wa ndimu yanayasafisha, na mkono unarudi kwenye sahani wenyewe. Nilicheka peke yangu mezani.

Kisha nikamkumbuka mama, na kicheko kikaisha.

Kwetu Wahaya, kwa desturi ya zamani, mwanamke hukamata senene, huwanyonyoa mbawa na miguu, huwakaanga, kisha huwapelekea wanaume. Yeye hali. Tuliambiwa akila atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene. Siku hizi wasichana wa mjini wanawatafuna barabarani. Lakini mama yangu ana miaka sabini na sita, amenyonyoa senene tangu utotoni, na hajawahi kumtia hata mmoja mdomoni. Mwaka huu amezeeka ghafla. Sikutaka msimu mwingine umpite.

Baba mdogo alifika nikiwa namimina. Ndiye mkubwa wa nyumba yetu tangu baba afariki, na ni mzee wa kanisa. Aliuliza kama kinywaji kile kina kilevi, yeye ambaye kila Jumamosi unamkuta na mrija wa rubisi, pombe ya ndizi, mdomoni. Nikasema kinacho. Akaketi, akaanza kula ebitoke nilivyompakulia. Lakini nilipoweka sahani ya senene mbele ya mama badala ya mbele yake, aliacha kula.

“Ukimlisha mama yako hao, usiniite tena baba.”

Huyu ndiye aliyeuza kahawa yake ili mimi nisome. Nampenda, na ndiyo maana maneno yake yaliniuma vile.

Sahani sikuiondoa.

Mama hakunitazama mimi wala yeye. Alikunywa kidogo, akakunja uso kwa yale mapovu, akamchukua senene mmoja. Akatafuna polepole. Akamchukua wa pili, akanywa tena, akala wa tatu. Kisha akamgeukia shemeji yake.

“Shemeji, miaka yote hii mlijua kwamba ni watamu hivi?”

Alichukua kofia yake akatoka, ebitoke vyake vikabaki vinapoa.

Nakiri nililia jikoni. Nililia kwa sababu mama aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujua. Niliporudi mezani sahani ilikuwa tupu na yeye anajifuta vidole. Nilimwongezea mvinyo kidogo, akaupokea.

Jioni hii Baba mdogo ametuma ujumbe: kesho kuna kikao cha ukoo, nikajieleze. Nitakwenda, na mama atakuwepo. Sitaomba radhi kwa kilichoingia mdomoni mwa mama yangu. Ila nitapiga magoti kumsalimia Baba mdogo kama siku zote, na nitamwita baba.

Akitaka kutoitika, na akatae mama akimtazama.