Taa Ilizimwa Mu Pango

Siku ya posho, Jumamosi, mwezi wa sita. Baridi kavu, na vumbi ya Kolwezi inaingia mpaka mu meno.

Leo nilienda kuangalia pango, mi na bamama wenzangu wa parokia. Pango ya mawe ya chokaa, ile batu banatoka mbali kuiona. Binti yangu Bijou wa Lubumbashi anaimba kila siku mu telefone: "Mama, uza nyumba, kuya kwangu. Unaishi kule sawa mutu mwenye bamesahau." Ati nani bamesahau? Niko na miguu, niko na kichwa. Nikaenda kutembea sawa turisti, ili akose cha kusema.

Kweli kule ni kuzuri. Mawe inaning'inia juu sawa mishumaa yenye kuyeyuka, ingine inaota toka chini. Maji inadondoka, po, po. Yule mwenye kutuongoza alikuwa na sandale. Nikamuambia: "Tata, mawe inateleza hivi, na wewe unatuongoza na sandale? Ukianguka tukubebe?"

Mama Georgette, jirani yangu, akacheka: "Ee Mama Kapinga, hata mu pango unagombeza batu!"

Yule kiongozi akatuomba tushikane mikono wawili wawili. Kila mama akashika mwenzake.

Mi nikashika mufuko yangu.

Kule ndani kabisa, bila kuuliza mutu, akazima taa. Ati tuone giza ya kweli.

Mujinga yule.

Bwana yangu alitumika maisha yake yote mu mine, chini ya udongo, sawa baba yake mwenye kutolewa Kasai kwa kazi hiyo. Kwa batu ya chini, taa haizimwe kwa mchezo. Ikizimika, hakuna mwenye kutembea. Unaita mwenzako wa karibu mpaka aitike. Mu giza hakuna tata, hakuna mama, ni jina tu. Hata kwetu nyumbani, courant ya umeme ikikatika: "Kapinga!" "Niko!" "Ilunga!" "Niko!" Ndio sasa tunatafuta mushumaa.

Basi giza ikaanguka, na kinywa yangu ikaita yenyewe, kwa nguvu: "Ilunga!"

Pango ikarudisha: Ilunga, Ilunga.

Bamama bote balikuwa ku matanga ya bwana yangu. Hakuna aliyecheka. Kisha Mama Georgette akasema polepole: "Niko, mama."

Nikamujibu: "Si wewe niliita."

Njia yote ya kurudi balinipa biskuti na maji sawa mugonjwa. Nilikula. Sikusema aksanti.

Bijou amepiga simu, nimeiacha ilie. Angesikia sauti yangu, angejua.

Nyumba siuzi, hiyo imekwisha. Lakini kesho, kisha misa, nitamuita mi mwenyewe, nimuambie: Bijou, kuya ulale kwangu siku kidogo. Kuomba hivyo sijazoea, hata ku mutoto wa tumbo yangu. Nimeiandika hapa kwanza, ili kesho kinywa isikatae.